Padre Naye Anaogopa Kitonga



Juma hili nimeulizwa swali ambalo halikunijia ofisini wala katika kiti cha maungamo, bali mlangoni pa kanisa baada ya Misa ya kwanza, watu wakisalimiana na watoto wakikimbizana uwanjani. Mama mmoja wa makamo, ambaye mumewe amenunua gari mwaka huu, alinivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini: "Padre, Desemba hii tunakwenda kwetu Njombe kwa gari letu wenyewe. Watoto wanafurahi, baba yao anafurahi, mimi silali. Kila nikifumba macho naiona Kitonga. Je, huku si kukosa imani?"

Nilimpa jibu ambalo sisi mapadre hulitoa tunapokuwa na watu wengi wanaotusubiri: "Sali rozari, mama, Mungu yupo." Akashukuru, akaenda zake. Lakini nilipokuwa navua mavazi ya Misa kule sakristia, dhamiri ilinisuta. Swali lile lilikuwa langu pia, na jibu nililompa halikunitosha mimi mwenyewe siku nilipolihitaji. Tafakari ya juma hili, basi, ni jibu langu la pili kwa mama yule. Aidha ni ungamo dogo la paroko wenu.

Kwa wasioijua Kitonga, niseme kwa ufupi. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara kuu ya TANZAM, ukapita Morogoro na mbuga ya Mikumi, unaingia katika bonde la Mto Ruaha Mkuu, nchi ya joto na mibuyu. Pale Ruaha Mbuyuni utawakuta wauza vitunguu wakiyakimbilia magari. Baada ya hapo milima inakukabili kama ukuta, na barabara haina njia nyingine ila kuupanda. Hiyo ndiyo Kitonga: huku mwamba, huku korongo, kona baada ya kona, na katikati yake malori marefu ya kwenda Zambia na Kongo yanayopanda kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na mengine yanayoteremka kwa mwendo ambao si kila mara dereva ndiye aliyeuchagua. Ukifika juu hewa inabadilika, unapita Ilula penye nyanya, hatimaye unaingia Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Njia hii ina historia ya kuogopwa. Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilipata shida kubwa ya kupata mafuta kutoka kusini, na malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na tope, kabla ya lami kuwekwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Safari ile ilipewa jina la Kiingereza lenye maana ya "mbio za jehanamu". Silitaji jina hilo ili kuwatisha. Nalitaja kwa sababu waliolitumia walikuwa watu wa kazi ile, nao hawakuona haya kukiita kitu cha kutisha kwa jina lake. Sisi tuliorithi lami yao tumeisahau adabu hiyo.

Sasa ungamo langu.

Mwaka juzi kwaya yetu ilialikwa Iringa. Tulikwenda salama, tukaimba vizuri, tukakirimiwa kuliko tulivyostahili. Siku ya kurudi ilikuwa Jumamosi, na chakula cha kuagana kikatuchelewesha. Tulipokuwa tunapanda gari nilimwambia dereva maneno ambayo leo ninayajutia: "Kijana wangu, kesho nina Misa ya saa 12 asubuhi. Jitahidi tufike mapema." Basi lenyewe lilikuwa dogo, tumelikodi baada ya kulinganisha bei za watu watatu na kuichukua iliyo ya chini kabisa. Kamati ilifurahi, nami niliisifu mbele ya waamini kwa uwakili mwema wa fedha za Kanisa.

Tulipoanza kuteremka Kitonga, gari lilikuwa na kasi. Dereva alikuwa anakanyaga breki kila kona, anaachia, anakanyaga tena. Nyuma kwaya iliimba kwa nguvu, na vijana wa besi wakapiga makofi. Mimi nilikaa kiti cha mbele karibu na dirisha. Viganja vyangu vililowa jasho. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakandamiza sakafu kana kwamba mbele yangu nami pana pedali. Nilikuwa na rozari mkononi, na naomba mnisadiki nikisema kwamba nilibaki nimeshika punje ile ile moja, sikumbuki kama nilisali hata nusu ya Salamu Maria. Nilitaka kusema. Sikusema. Niliwaza: kwaya itasemaje? Padre anayewahubiria watu uzima wa milele, leo anaogopa kona?

Ndipo nyuma yangu akanyanyuka bibi mmoja wa WAWATA, tuliyekuwa tumemwomba atusindikize awe mlezi wa wasichana. Akashika kiti changu kwa mkono mmoja, akasema kwa sauti iliyonyooka: "Mwanangu dereva, mimi bibi yako naogopa. Punguza mwendo, au nishushe nitembee."

Basi zima likacheka. Dereva naye akacheka, akajibu: "Tulia, bibi. Hapa napita hata nikiwa nimefumba macho."

"Basi leo yafumbue, mwanangu," akasema yule bibi, "maana umebeba wajukuu zangu."

Hakuna aliyecheka tena. Dereva alikaa kimya kwa kona moja, kisha palipokuwa na nafasi kando ya barabara akaegesha. Utingo akaruka chini, akaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu. Tuliposhuka tulikutana na harufu kali ya kitu kilichoungua, na kwenye magurudumu ya mbele moshi mwembamba ulikuwa unapanda. Tulikaa pale karibu saa nzima tukisubiri vyuma vipoe. Wakati huo dereva alinisogelea, akaniambia polepole: "Baba Paroko, pedali ilikuwa imeanza kuzama. Hata mimi nilikuwa naogopa. Lakini ningewaambiaje abiria?" Na jioni ile dada mmoja wa sauti ya kwanza akaniambia kwamba walikuwa wanaimba kwa nguvu kwa sababu waliogopa.

Tazameni basi hali yetu. Padre anaogopa, naye amenyamaza kwa ajili ya heshima ya daraja yake. Dereva anaogopa, naye amenyamaza kwa ajili ya heshima ya kazi yake. Waimbaji wanaogopa, nao wameufunika woga kwa wimbo. Mtu mmoja tu kati yetu sote alikuwa na ujasiri wa kusema neno "naogopa", na huyo ndiye tuliyemcheka. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Siku ile tulikuwa tayari kwenda kuliliwa ili tusichekwe.

Wapendwa, hili ndilo ninalotaka kulisema juma hili, mengine yote ni maelezo yake: kuogopa mteremko si dhambi, si uchanga wa imani, wala si aibu. Kinachoua barabarani ni aibu ya kuogopa.

Yamkini wapo watakaosema kwamba padre anatafuta hifadhi ya udhaifu wake. Sawa, lakini nina shahidi mwenye uzito kunizidi. Tulipokuwa seminarini tulimsoma Mtakatifu Tomaso wa Akwino mintarafu fadhila ya nguvu, ile inayomwezesha mtu kusimama imara mbele ya hatari. Wengi wetu tulitarajia aseme kwamba kosa linalopingana na fadhila hiyo ni woga peke yake. Anausema woga uliopita kiasi, ndiyo. Lakini mara baada ya hapo, katika swali la 126 la sehemu ya pili ya pili ya Summa Theologiae, anauliza kama kutoogopa kabisa nako ni kosa, na anajibu kwamba ni kosa. Mtu asiyeogopa kile kinachostahili kuogopwa, asema Tomaso, anaweza kuwa na moja ya kasoro tatu: hapendi inavyompasa, au ana kiburi, au akili yake imelala. Kabla yake Aristotle alikwisha kuandika kwamba mtu asiyeogopa hata tetemeko la ardhi wala mawimbi ya bahari, huyo si shujaa, ana kasoro.

Niirudie ile kasoro ya kwanza, kwa maana inamhusu mama yetu wa Njombe. Tunaogopa kwa sababu tunapenda. Asiyependa kitu hana cha kuogopa kukipoteza. Uhai ni zawadi, na anayeithamini zawadi huishika kwa mikono miwili. Mama huyu halali usiku kwa sababu katika gari lile watakaa watoto wake. Huo woga ni upendo uliovaa nguo za safari. Mimi nilimjibu kana kwamba anaugua ugonjwa unaotibiwa kwa rozari.

Hata hivyo nisiusifu woga kupita kiasi, kwa maana woga wenyewe unaweza kuua. Tomaso huyo huyo, anapoeleza matendo ya woga, anasema jambo ambalo kila dereva angepaswa kulijua. Woga humfanya mtu atafute shauri, kwa sababu anatambua kwamba jambo lililo mbele yake ni kubwa kuliko nguvu zake. Lakini woga ukishachemka ndani ya mtu, humvuruga asiweze kuamua vema. Kwa hiyo una saa yake ya kufaa na saa yake ya kudhuru. Juu ya mlima, kabla ya kuanza kushuka, woga ni mshauri mwema. Katikati ya mteremko, gari likiwa limeshachukua kasi, ni mshauri mbaya.

Hebu tuliangalie jambo hili kwa macho ya fundi. Gari linaloteremka lina nguvu ambayo lazima iende mahali fulani. Ukilizuia kwa breki peke yake, nguvu yote ile inageuka kuwa joto katika vyuma vya magurudumu. Lori lenye uzito wa tani 50 likishuka mita 100 tu za kimo kwa breki, joto linalozalishwa linaweza kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji ya kawaida. Na mlima haukuishia mita 100. Vyuma vikipata moto kupita kiasi breki hupungua nguvu. Katika magari yanayotumia mafuta ya breki, mafuta hayo yakichemka pedali huzama hata ukiikanyaga kwa miguu miwili. Haya hayatokei kwa sababu shetani amelala barabarani. Yanatokea kwa sababu chuma ni chuma.

Dawa yake inajulikana na kila dereva aliyefunzwa: kuingia mteremkoni kwa gia nzito, ili injini yenyewe ilishike gari, na breki ziguswe kwa vipindi, zipate nafasi ya kupoa. Wazee wa barabarani walikuwa wanasema teremka kwa gia ile ile ambayo ungeipandia. Lakini gia hiyo haina budi kuchaguliwa juu, kabla ya kasi. Ukichelewa, kwa magari mengi mazito gia haitaingia tena, na anayetoa gia moja akakosa kuingiza nyingine anabaki na gari lisiloshikwa na kitu.

Mnaona sasa tofauti ya woga wa aina mbili? Woga usiofundishwa huuweka mguu kwenye breki na kuuacha hapo toka juu hadi chini. Kwa nje mtu huyo anaonekana mwangalifu, kumbe anazichoma breki zake mwenyewe. Vilevile humfanya dereva alitazame korongo badala ya barabara, na mikono hufuata macho. Woga uliofundishwa hufanya kazi yake mapema: huangalia magurudumu kabla ya safari, husimama juu ya mlima, huingiza gia, huacha nafasi kubwa nyuma ya gari la mbele, kisha hukaa kimya umwachie dereva kazi. Kwa hiyo sitawaambia waamini wangu waache kuogopa. Nawaambia waupeleke woga wao shule.

Hapa naomba niguse msemo mmoja ambao nimechoka kuusikia misibani: "Ajali haina kinga." Na mwingine unaofuatana nao: "Ni mapenzi ya Mungu." Nimezika watu waliokufa barabarani. Nimewashika mikono wajane. Sijawahi kumnyang'anya mfiwa neno linalomfariji, wala sitafanya hivyo. Lakini sisi tunaobaki hatuna ruhusa ya kulitumia neno hilo kama shuka la kufunikia uzembe. Tarehe 5 Juni 2024, katika mteremko wa Simike jijini Mbeya, lori liliyagonga magari mengine na watu 13 wakapoteza maisha. Sitamhukumu mtu yeyote kwa tukio hilo, hiyo si kazi yangu. Nasema tu kwamba mbele ya majeneza 13 sina moyo wa kusema Mungu ndiye aliyetaka. Mungu ametupa akili ya kutambua kwamba chuma kikipata moto hakishiki, na akatupa woga ili akili hiyo iamke kwa wakati.

Kuna wanaotundika rozari kwenye kioo cha gari, na wengine wana medali ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri. Kalenda ya Kanisa ya mwaka 1969 iliondoa sikukuu yake katika orodha ya Kanisa zima, lakini heshima yake haikufutwa, na wenye medali yake waendelee kuitunza kwa amani. Lakini medali haikaguliwi na fundi mahali pa breki. Mnakumbuka jinsi mjaribu alivyomweka Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini kwa kuwa malaika wangemdaka. Bwana alikataa. Hakutilia shaka ulinzi wa Baba yake, ila alijua kwamba kumtumaini Mungu na kumjaribu Mungu ni vitu viwili. Kila ninapomsikia mtu akisema "tumesali, twende tu," hali gari halijakaguliwa na dereva hajalala, nakikumbuka kinara kile.

Mama Kanisa mwenyewe hajanyamaza juu ya haya. Mwezi Juni 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na watu wasio na makao maalumu lilitoa mwongozo wa utume wa barabarani, na ndani yake zikawemo amri kumi za dereva. Wakati ule baadhi ya magazeti yalilifanya jambo hilo kuwa kichekesho. Ukizisoma kwa utulivu hazichekeshi. Moja yake inakataza gari kufanywa chombo cha kuonyesha ukubwa na kutawala wengine. Nyingine inataka aliye mnyonge zaidi barabarani alindwe. Ndani ya gari langu mnyonge ni nani? Ni yule asiyeshika usukani. Dereva ana kitu cha kufanya na woga wake. Abiria ana woga mtupu. Kumcheka abiria anayeogopa ni kumcheka aliyekabidhi uhai wake mikononi mwako.

Ninajua pingamizi lililobaki, tena ni la haki: "Padre, ukimruhusu kila abiria aseme anaogopa, dereva atavurugwa akili, na hapo ndipo tutakapoanguka." Ni kweli. Kupiga kelele konani si ujasiri, ni hatari mpya. Bibi yetu hakupiga kelele. Alimwita dereva mwanangu, akaitaja hali yake, akaomba jambo moja linalowezekana, akanyamaza. Ndivyo inavyopasa kusemwa: mapema, kwa heshima, na mtu mmoja. Na kwa dereva, adabu ya kazi inadai asijibu kwa mzaha. Anayepunguza mwendo kwa sababu bibi ameomba hajapoteza kitu isipokuwa dakika.

Na dakika hizo, wapendwa, ndizo zinazonirudisha kwangu mwenyewe. Nani aliyemharakisha kijana yule? Mimi. Nani aliyechagua gari kwa bei bila kuuliza habari za breki? Kamati yangu, nami nikaipongeza. Ni rahisi kuwahubiria madereva. Lakini nyuma ya dereva anayekimbia mara nyingi yupo mtu aliyeketi mahali salama ambaye amempangia saa ya kufika: mwenye gari anayehesabu safari, mwenye mzigo anayepiga simu, na paroko mwenye Misa ya saa 12.

Kwa hiyo, baada ya kushauriana na Halmashauri ya Walei, tumeazimia haya kwa safari zote za parokia, za kwaya na za vyama vya kitume, hasa zinazopita milimani, iwe ni Kitonga, iwe ni Sekenke kule Iramba, iwe ni miteremko ya Mbeya.

Kwanza, hatutachagua gari kwa bei peke yake. Tutamwuliza mwenye gari breki zimeangaliwa lini na na nani, na tutamwuliza dereva kama amelala. Pakihitajika kulipa zaidi tutapitisha kikapu, na mimi nitakuwa wa kwanza kutoa.

Pili, hatutaondoka saa za jioni, wala safari haitapangwa irudi usiku wa kuamkia Dominika. Ikitokea tumechelewa, tutalala njiani. Misa ya saa 12 inaweza kuwa ya saa 4, na Bwana atatusubiri.

Tatu, juu ya kila mteremko mkubwa, mahali pasipozuia magari mengine, tutasimama. Abiria watashuka na kunyoosha miguu, dereva atazunguka gari lake na kuangalia magurudumu. Hapo ndipo mahali pa sala. Wenzetu wa Kenya wana mfano mzuri: pale Mai Mahiu, katika barabara inayoteremka Bonde la Ufa kuelekea Naivasha, lipo kanisa dogo sana lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita wa Kiitalia waliokuwa wakiijenga barabara ile. Watu wale walioukata mlima kwa mikono yao waliona vema paachwe mahali pa kusimama na kukumbuka. Sisi hatuna kanisa juu ya Kitonga, lakini dakika kumi tunazo.

Nne, katika gari la parokia mtu yeyote, mzee au mtoto, akisema "naogopa", hatachekwa, na mwendo utapunguzwa. Hili ni agizo la paroko. Yule bibi wa WAWATA tumemwomba akae kiti cha mbele katika safari ijayo. Amekubali kwa sharti kwamba padre akae nyuma.

Na kwako mama unayekwenda Njombe, jibu langu la pili ni hili. Imani yako haina kasoro kwa kuiogopa Kitonga. Sali rozari, ndiyo, lakini kabla ya rozari zungumza na mumeo. Usingoje mfike konani. Mwambie nyumbani, baada ya chakula, watoto wakiwa wamelala: "Baba watoto, mimi naiogopa Kitonga. Naomba gari lipelekwe kwa fundi, tuondoke alfajiri, na tukifika mlimani twende taratibu hata wengine wote wakitupita." Nawe baba unayesoma haya, kwa maana najua unasoma, usimjibu kwa kumwuliza anaogopa nini. Mjibu ukweli. Nina hakika ya karibu kabisa kwamba ukweli huo ni maneno mawili: "Hata mimi." Na kama hujawahi kuendesha mlimani, mwombe ndugu mwenye uzoefu akae nawe, au mwachie usukani kwa kipande kile. Utakuwa baba yule yule mkifika chini.

Mimi pia nitasafiri baada ya Noeli, kwenda kumwona mama yangu. Mkiwa njiani Kitonga mkaliona gari kuukuu la parokia linateremka polepole kama ng'ombe ashukaye mtoni, na nyuma yake pana magari yanayongoja nafasi ya kupita, nawasihi msipige honi. Ni paroko wenu. Anaogopa, na yuko gia namba mbili.

Mungu awabariki, awafikishe, na awarudishe nyote salama.

Ni mimi, Padre wenu.